Siku Niliyokuacha Mwingi

Mumbua mwanangu,

Mambo ya blanketi, ndoo na vyeti mama yako amekwisha kukupangia, na kwa hayo sina la kuongeza. Umekwenda kumuaga nyanya yako, na najua nyinyi wawili hamwachani upesi, kwa hivyo nimefuta vumbi la mbao kwa meza ya kazi nikakaa kuandika. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Kisumu. Kuna jambo ambalo sitaki uondoke bila kulijua, na nimechagua karatasi kwa sababu unanijua: nikiongea, mtu akipita akanisalimia, ninapotea katikati. Hapa nikipotea ninarudi juu, nasoma nilipofika, naendelea.

Ni ile siku ulipotea Mwingi. Ulikuwa na miaka saba.

Najua unavyoisimulia. Unasema ulimponyoka baba mkononi ukaenda kuangalia ngamia, na baba akakutafuta soko zima mpaka jua likatua. Mjomba wako hata leo anakuita Mzururaji. Juzijuzi, Jumapili ya vijana, ulisimama mbele ya kanisa ukaitoa hadithi hiyo kama mfano wa mtoto asiyesikia. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa kwa safu ya tatu, na mimi nikacheka.

Mumbua, hukuponyoka. Nilikusahau.

Nianze mbali kidogo. Sitaki unihurumie, lakini usipojua mwanzo hutaelewa kilichonipata wala nilichofanya baadaye, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Ulipokuwa bado unabebwa mgongoni, mimi nilikuwa fundi wa paa. Hapa kijijini Tulia waliniita, Kitui mjini waliniita, hata Makueni walikuwa wakituma mtu kunichukua. Watu walipenda kunitazama nikifanya kazi. Nilikuwa ninapanda juu, napima pande nne, nashuka na vipimo vyote vinne kichwani huku nikipiga hadithi na watu, kisha nakata mbao moja baada ya nyingine na zote zinaingia mahali pake. Sikujua kwamba hiyo ni kazi ya kichwa. Nilidhani ni mikono yangu.

Nilianguka Mbumbuni, tukijenga kanisa. Ilikuwa asubuhi, mbao ilikuwa na umande, nikakanyaga vibaya. Hapo chini palikuwa na rundo la mawe ya ujenzi, na paji la uso ndilo lililofika kwanza. Hili kovu ulilokuwa ukilishika ukiwa mdogo ni la siku hiyo. Nilizinduka kesho yake hospitalini. Nikamtambua mama yako, nikamtajia majina ya mbuzi wetu wote, nikamuuliza kama mahindi yamepaliliwa. Mama yako akalia kwa furaha. Walinishona, wakaniweka siku chache, wakaniruhusu. Nilikuwa natembea, naongea, nakumbuka mpaka mambo ya utoto wangu. Nani angesema sijapona?

Kanisani pasta aliniita mbele nitoe ushuhuda. Nikashika kipaza sauti nikasema Mungu amenirudishia akili yangu yote, hakuna hata kipande kilichopotea. Walipiga makofi mpaka mama yako akapiga vigelegele. Nakwambia hili ujue nilivyojifunga. Mtu akishatangaza mbele ya watu kwamba ni mzima, inakuwa vigumu sana kesho yake aseme kuna kitu hakiko sawa.

Kesho yake hiyo ilikuja upesi. Nilipata kazi ya nyumba ndogo hapa karibu. Nikapanda, nikapima: futi tano na inchi saba. Nikashuka ngazi. Kutoka ngazi mpaka msumeno ni hatua chache tu. Mwenye nyumba akaniuliza, "Fundi, watu wa nyumbani wako salama?" Nikamjibu wako salama. Nikafika kwa msumeno, nikashika mbao, na hakukuwa na kitu. Si kwamba nilisema namba isiyo sahihi, Mumbua. Hakukuwa na namba yoyote. Nikapanda tena, nikapima tena, nikashuka nikiisema kwa mdomo kama mtu anayeomba. Kuku akapita mbele yangu, nikamfukuza, na namba ikaondoka na kuku.

Hapa nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Mama yako akinituma chumvi na mafuta ya taa, narudi na chumvi. Nikiweka maziwa jikoni halafu nikaitwa nje, tunanusa harufu ya kuungua. Nikianza kuomba kabla ya chakula, napotea katikati ya sala, nasema amina mapema, na nyinyi mnafurahi kwa sababu ugali bado una moto.

Na wewe ulikuwa mtoto wa maswali. Ulikuwa unauliza la pili kabla sijajibu la kwanza, na la tatu likifuata. Kila swali lako lilisukuma nje kile nilichokuwa nimeshika, na nikawa ninakukaripia: "Nyamaza! Nyamaza nifikirie!" Nilikuona ukirudi nyuma. Ulidhani nimekuchoka. Uliacha kuuliza, na mimi nikaona nyumba imetulia, nikashukuru. Hilo ni kosa langu la kwanza kwako, na ni dogo kuliko lile la Mwingi.

Siku hiyo tulikwenda kununua misumari na bawaba za milango, na viatu vyako vya shule. Tulianza na viatu. Vilikuwa vyeusi, vya kamba, na ulikataa kuvivua ukaondoka navyo dukani. Jua lilikuwa kali. Nikaona nikikupeleka kule kwa misumari utachoka, na kulikuwa na yule Mama Halima anayeuza vitambaa, ambaye nilikuwa nimemtengenezea rafu za duka lake. Nikakukalisha kwa benchi yake ya nje, chini ya kivuli cha bati. Nikakuambia, "Kaa hapa, mwaitu, usitoke. Naenda kuchukua misumari nakuja." Nakuita mwaitu, yaani mama, tangu uzaliwe kwa sababu una jina la mama yangu, na siku hiyo nakumbuka nililitamka vizuri kabisa. Ukasema, "Sawa, baba."

Kwa duka la misumari bawaba zilikuwa saizi tofauti na zile nilizotaka. Tukabishana na mwenye duka, akaenda nyuma kutafuta, akarudi, nikachagua. Nilipotoka nje na mzigo wangu, dereva mmoja wa lori tunayefahamiana akapiga honi.

"Fundi! Si unaenda Tulia? Panda, niko mbio, nina simiti ya watu!"

Nikaweka mzigo nyuma nikapanda.

Njia nzima tulizungumza habari za mvua na bei ya mabati. Ningependa kukuambia kwamba kulikuwa na kitu kilichonikereketa moyoni, kwamba nilihisi nimeacha kitu. Hakikuwepo. Nilikuwa nimetulia, nacheka.

Mama yako alikuwa anachambua pojo mlangoni. Aliangalia nyuma yangu, akaangalia tena.

"Mumbua ako wapi?"

Sijui nilimjibu nini. Nilichukua pikipiki ya jirani, yeye akaendesha, mimi nikakaa nyuma, na tukarudi Mwingi.

Hapa ndipo naomba usome pole pole, kwa sababu hapa ndipo kosa lenyewe lilipo. Njia hiyo ni ndefu. Nilikuwa na muda wa kukufikiria wewe, mtoto wa miaka saba, peke yako katika mji wa malori na mifugo. Nilikufikiria mwanzoni. Lakini tulipokaribia Mwingi nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitasema nini. Nikisema nimesahau mtoto, watu watasema fundi amekuwa wazimu, na nani atampa mwendawazimu nyumba yake aipande? Na ule ushuhuda wangu? Basi nikatunga. Nikasema nitawaambia ulikuwa mkononi mwangu ukaniponyoka, nikakutafuta soko zima, kisha nikaja nyumbani kuomba msaada. Kichwa kilichokuwa hakiwezi kushika namba moja kutoka ngazi mpaka msumeno kilitunga uongo huo kikaushika mpaka leo.

Nilikukuta kwa Mama Halima, umevaa gauni nisilolijua, na sikuuliza. Jua lilikuwa linatua. Ulisimama ukanikimbilia ukasema, "Baba, nilikaa."

Na mimi, mbele ya yule mama na jirani yetu wa pikipiki, nikakuambia kwa ukali, "Kwa nini uliniponyoka?"

Mama Halima alinitazama. Kisha akaanza kukunja vitambaa vyake.

Nyumbani mama yako alikukumbatia kwanza, kisha akachukua fimbo kwa sababu ya hofu aliyokuwa nayo. Ulikuwa unalia ukisema, "Nilikaa, mama, baba aliniambia nikae, nilikaa." Mama yako akasimamisha fimbo akanigeukia. Aliniuliza, "Anasema ulimwambia akae?" Mumbua, mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema ndiyo na yote yangeisha hapo.

Nikasema, "Anadanganya."

Kwa wiki kadhaa hivi uliendelea kusema kwamba ulikaa. Kisha ukaacha. Ulipofika darasa la tatu au la nne nilikusikia ukiwasimulia watoto wenzako, na ngamia wakawa wameingia. Sikuwahi kutaja ngamia, wala hakukuwa na ngamia upande ule siku hiyo. Uliwatafuta mwenyewe, ili upate sababu ya kufanya jambo ambalo hukulifanya. Nilikuwa nyuma ya nyumba naranda mbao. Niliacha kuranda nikasikiliza mpaka mwisho, halafu nikaendelea na kazi.

Niliishi hivyo miaka mingi, kazi zikipungua. Nilikata mbao za watu vibaya, nikazilaumu mbao. Nikafukuza wasaidizi kwa kelele zao. Ulipokuwa kidato cha pili huko bweni, mama yako alinikuta nimesimama katikati ya uwanja na msumeno mkononi, nalia, kwa sababu sikujua nilikuwa naenda kukata nini. Hakuniuliza. Aliutoa msumeno mkononi mwangu akasema, "Vaa viatu, twende hospitali."

Daktari alikuwa msichana, labda ana miaka kumi zaidi yako. Aliniambia nirudie namba alizotaja. Nikarudia. Akasema sasa nizitaje kuanzia nyuma. Tatu tu zilinishinda. Kisha akanipa namba mbili, na kabla sijasema akaniuliza nimetoka wapi. Nikamjibu Tulia. Akasema, "Sasa nipe zile namba." Zilikuwa zimeenda. Nilikuwa tayari kukasirika, lakini yeye hakucheka, wala hakuandika haraka haraka kama mtu anayenihukumu. Alijigusa paji la uso.

"Mzee, mambo yako ya zamani yako salama, hayakai hapa," akasema. "Hapa mbele ndipo panaposaidia kushika jambo la sasa hivi, lile unalolifanyia kazi, na kulikinga lisisukumwe na lingine. Panashirikiana na sehemu nyingine za ubongo, lakini pakiumia, kinga hiyo inalegea. Ndiyo maana salamu moja inakutoa kwa kipimo."

"Kwa hivyo si uvivu?" mama yako akauliza. Alikuwa ameniita mvivu mara nyingi.

"Si uvivu, mama. Na si mapepo."

Nilimuuliza kama nitapona. Akasema baada ya miaka mingi hivyo asinidanganye, panaweza kuwa na nafuu kidogo, lakini msaada mkubwa utatoka nje ya kichwa: niandike kila kipimo papo hapo, nifanye jambo moja mpaka liishe, na watu wasiniongeleshe nikiwa katikati. Ndiyo maana tangu wakati huo nina penseli sikioni na nimewaambia wenye nyumba wanisalimie nikifika na nikimaliza. Nimepata kazi tena kwa sababu ya penseli.

Kabla hatujatoka nilimwomba mama yako anitangulie. Nikamuuliza daktari, "Mtu wa namna hii anaweza kumsahau mtoto wake?"

"Anaweza," akasema. "Haimaanishi hampendi. Kilichosukumwa nje hakichaguliwi kwa mapenzi."

Unaona, mwanangu? Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kukuambia. Nilikuwa na ugonjwa wenye maelezo, na daktari amesema. Wiki hiyo hiyo ningekuja bwenini kwako. Sikuja, kwa sababu nilipopima vizuri niliona daktari amenisafisha nusu tu. Kukusahau kulikuwa kwa jeraha. Lile neno "anadanganya" nililisema nikiwa na akili zangu zote, na halina daktari.

Na ningeendelea kunyamaza, usinione mwema. Ni wewe uliyenivunja, mwezi uliopita. Mlikuwa jikoni na mama yako, barua ya chuo iko mezani, mimi niko nje ya dirisha narekebisha bawaba. Ulimwambia, "Mama, mimi naogopa huo uuguzi. Mtu aliyeambiwa akae mahali pamoja akashindwa, atapewaje dawa za wagonjwa? Heri nikasomee kitu ambacho nikikosea hakuna mtu anayeumia."

Nilikaa chini pale pale.

Nilikuwa nimekuona ukihakikisha kufuli mara tatu, ukirudi nyumbani kutoka barabarani kuangalia kama umezima jiko. Nilidhani ni tabia yako, umezaliwa makini. Kumbe ni mimi. Nilikuwa nimekupa ugonjwa wangu, nikabaki na jina zuri.

Jumanne iliyopita nilikwenda Mwingi. Mama yako nilimwambia nafuata gundi. Mama Halima bado yuko, amezeeka kidogo, duka ni lile lile. Nikamwambia, "Mama, unakumbuka siku nilipomwacha mtoto hapa?"

"Wallahi nakumbuka," akasema. "Yule mtoto wa viatu vipya. Nilimwita ndani mara ngapi? Nikamwambia njoo unywe chai, jua limehamia kwa benchi. Akakataa. Akasema baba amesema nikae hapa. Nikamletea chai nje. Akashikwa na haja, nikamwambia choo ni hapo nyuma, nitakushikia nafasi yako. Akakataa kutoka. Akajikojolea pale alipokaa, na akavua vile viatu kwanza ili visilowe. Mimi ndiye niliyemwosha na kumvisha nguo ya binti yangu, na hata hapo alinifanya nimwoshe mlangoni, aone benchi."

Nikakaa kwa ile benchi.

"Nilikusikia ukimwambia ameponyoka," akaendelea. "Nikasema moyoni, huyu baba ana aibu, nisimwaibishe zaidi. Na mimi pia nilikosa, fundi. Ningesema."

Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiwa na miaka saba, Mumbua. Ninakuandikia maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu yangu huna sababu ya kuyaamini. Ukienda Kisumu, ukikabidhiwa wodi, ukianza kujiuliza kama wewe ni mtu wa kuachiwa kitu, mkumbuke yule mtoto wa benchi ya Mama Halima. Ngamia hawakuwepo. Watoe.

Na ukikutana na mgonjwa ambaye umemwambia mambo mawili akafanya moja, usimwambie, "Si nimekuambia sasa hivi?" Mwambie moja, umngoje, halafu la pili. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivyo kabla ya yule daktari, na mimi sikuwahi kukufanyia.

Jana nilimwambia mama yako yote. Kisha akasema, "Nilimpiga mtoto kwa ajili yako." Hajaongea nami vizuri tangu jana, na sijamwomba aongee. Mjomba wako nitamwambia mwenyewe. Na kanisani, Jumapili inayokuja, nitaomba nafasi nisimame. Niliwadanganya watu wale kwa kipaza sauti, siwezi kuwarudishia ukweli kwa kunong'ona.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya sanduku lako uikute huko mbali, ukiwa umeshafika na mimi siko. Nilikuwa nimeshaikunja. Nikaona ni woga ule ule, umevaa shati lingine. Kwa hivyo nitakupa mkononi ukirudi kutoka kwa nyanya, jua likiwa bado liko, na uisome mbele yetu au chumbani, utakavyo. Mimi nitakuwa hapa nje, sina kazi nyingine leo. Ukimaliza njoo. Usinijibu kwa upole kwa sababu mimi ni baba yako na kesho ni safari. Niulize maswali, hata matatu kwa pamoja, nitaomba tu uyarudie. Na ukitaka kunyamaza, nyamaza mpaka Kisumu. Nitakaa hapa.

Mimi baba yako